Mafuta ya breki yanapungua: jinsi ya kutafuta yanakovuja na kurekebisha kwenye gari la zamani

Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini, wala hayakaushwi na joto la Dar. Yako ndani ya mfumo uliofungwa, na hakuna sehemu ya gari inayoyala. Kiwango kikishuka kwenye kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, sababu ni moja kati ya mbili: pedi zimeisha, au kuna mahali yanavuja. Kujaza kila baada ya siku chache, ukafunga boneti na kuondoka, ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Sili inayotoa jasho wiki nzima huachia siku unapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku ile bodaboda anapokukatiza ghafla pale Mwenge.

Anza na pedi, maana ndiyo sababu nyepesi. Pedi inavyolika, pistoni ya kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) husogea nje na mafuta huingia nyuma yake kujaza nafasi. Kwa hiyo kiwango kushuka taratibu kutoka MAX kuelekea MIN, kwa miezi mingi, ni jambo la kawaida. Vua tairi za mbele utazame. Kama pedi zimebaki chini ya milimita 3 na hakuna penye unyevu, badilisha pedi. Ukisukuma pistoni zirudi ndani, mafuta yatapanda yenyewe. Kama mtu alishajaza juu yake, yatafurika, basi punguza kwanza kwa bomba la sindano jipya la duka la dawa. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, kwa sababu yanatoa rangi.

Kikishuka kutoka MAX hadi MIN ndani ya wiki chache, acha kufikiria pedi. Yanavuja.

Hakikisha kinachodondoka ni mafuta ya breki

Magari ya hapa hushinda na AC, na maji ya AC hudondoka upande wa miguu ya abiria; watu wengi wameshafungua breki kwa ajili ya maji hayo. Yashike. Maji hayatelezi. Mafuta ya breki yanateleza vidoleni, lakini ukisuuza kwa maji yanatoka bila sabuni, tofauti na oili. Njia ya uhakika zaidi: chukua tone kwenye kijiko, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea humo. Oili ya injini, ya gia, ya pawa stelingi na ya shokamzoba inaelea juu. Hili ni muhimu hasa kwenye tairi za nyuma, kwa sababu oili ya gia ikipita kwenye oili sili ya ekseli nayo hulowesha dramu (ngoma ya breki ya nyuma). Hiyo ina harufu kali ya salfa, na dawa yake ni oili sili, siyo silinda ya breki.

Kutafuta

Safisha kikopo na eneo lake, jaza hadi MAX, bandika kipande cha utepe na uchore mstari wa kalamu kwenye kiwango. Laza maboksi makavu chini ya tairi zote nne na chini ya injini, gari lilale hapo. Asubuhi usikimbilie kuangalia maboksi peke yake. Uvujaji mwingi hautokei mpaka kuwe na presha, kwa hiyo washa injini, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu kama anakwepa ajali na aishikilie kwa dakika nzima, huku wewe ukipita na tochi.

Kwenye Corolla, Noah, Hiace na IST zenye dramu nyuma, tazama nyuma kwanza. Chungulia ukuta wa ndani wa tairi na sehemu ya chini ya bamba linalobeba shuu (viatu vya breki vinavyobana dramu kwa ndani). Mstari mweusi uliolowa, wenye vumbi lililoganda, unatosha kukwambia silinda ya tairi (pampu ndogo inayosukuma shuu) imechoka. Kisha fuata hosi: zikunje kwa vidole utafute nyufa, na mwambie aliye ndani akanyage uone kama kuna inayovimba. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, maana kuna hosi zinazosuguana na tairi hapo tu. Baada ya hapo fuata paipu za chuma mwanzo hadi mwisho, hasa chini ya vibanio na juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa. Gari linalolala Kigamboni, Kunduchi au Msasani hupigwa na hewa ya chumvi mwaka mzima, na kutu huanzia pale ambapo jicho halifiki.

Ukimaliza kote na maboksi ni makavu, lakini mstari wa kalamu umeshuka, mafuta yanaingia kwenye busta (chombo cha mviringo kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedali). Sili ya nyuma ya masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) ikifa, mafuta hupita kwa nyuma, yakaingia ndani ya busta, na chini ya gari hakudondoki hata tone. Wakati mwingine injini huyavuta kupitia hosi ya vakyumu na gari likatoa moshi mweupe. Kuthibitisha, fungua nati mbili zinazoshika masta kwenye busta (mara nyingi spana 12), isogeze mbele sentimita moja au mbili bila kufungua paipu, ukiangalia usizikunje. Pitisha kidole nyuma yake. Pakilowa, masta ndiyo mwizi wako.

Usichanganye hili na pedali inayozama polepole ukiwa umesimama kwenye taa. Hapo sili za ndani za masta zinapitisha mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kiwango cha kikopo hakipungui. Masta itabadilishwa vilevile, ila ukilijua hilo hutapoteza siku ukitafuta tone ambalo halipo.

Kuna magari ya gia za mkono ambayo klachi inachota kwenye kikopo hichohicho cha breki. Kama lako ni la aina hiyo, kagua pia juu ya pedali ya klachi na silinda ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi.

Kubadilisha silinda ya tairi ya nyuma

Hii ndiyo kazi utakayokutana nayo mara nyingi, na inafanyika nyumbani kwenye sakafu ngumu. Weka vizuizi tairi za mbele, achia handbreki, piga jeki, kisha weka stendi. Matofali yasitumike; hupasuka bila kutoa taarifa.

Dramu ikigoma kutoka, usiipige nyundo ukingoni. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine, na itajisukuma nje. Ikikwama kwenye shuu, legeza ajasta (kirekebishi cha shuu) kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma ya bamba. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu shuu za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Inua buti ya mpira ya silinda kwa ncha ya bisibisi. Unyevu kidogo kama jasho si kosa, lakini mafuta yakichuruzika ukiinua, silinda imekufa. Piga picha springi kwa simu kabla ya kuzigusa, na fungua upande mmoja kwa wakati mmoja ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo.

Sasa sehemu inayoharibu kazi za watu wengi: nati ya paipu, namba 10. Tumia spana ya paipu, ile ya ringi iliyokatwa upande, si spana ya mdomo wazi, kwani hiyo huviringisha kona za nati kwa mkono mmoja tu. Kabla ya hapo nyunyizia dawa ya kutu, uiache usiku kucha. Ukiona paipu inazunguka pamoja na nati, simama. Rudisha, legeza, rudisha, robo kwa robo, la sivyo utakata paipu na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili. Ikifunguka, toa bolti mbili za silinda na uzibe mdomo wa paipu kwa kofia ya mpira ya niplo (skrubu yenye tundu ya kutolea upepo). Kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha kikopo nacho hupunguza udondokaji.

Nenda dukani na silinda ya zamani mkononi. Gerezani na Kariakoo zipo za magari mengi, lakini macho yako yawe kwenye kipenyo kilichoandikwa kwenye chuma: inchi 11/16, 3/4, 13/16. Silinda yenye tundu kubwa kuliko la asili inasukuma shuu kwa nguvu zaidi, na tairi za nyuma zitafunga mapema barabara ikilowa. Kuhusu kununua mipira peke yake: futa ndani ya silinda, pitisha ukucha. Pakiwa laini, mipira mipya inatosha. Ukucha ukishika vishimo, mipira hiyo itachanika muda si mrefu. Kwa unyevu wa Dar vishimo ni vya kawaida, kwa hiyo tunashauri silinda nzima mpya, pande zote mbili. Vitu vya breki vyenye mpira visinunuliwe vilivyotumika, hata viwe vya bei nafuu namna gani.

Shuu zilizolowa mafuta ya breki hazisafishiki. Kuziosha kwa petroli au kuzichoma moto hakutoi mafuta yaliyokwisha kunywewa, na gari litavuta upande mmoja. Badilisha seti nzima ya ekseli. Petroli pia inaua mipira ya breki. Safisha kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki. Mipira mipya ipake mafuta ya breki masafi, kamwe usitumie grisi ya kawaida.

Hosi, paipu, kalipa na masta

Hosi yenye ufa hubadilishwa, haifungwi utepe. Bolti yake yenye tundu hukaa kati ya washa mbili za shaba, na washa hizo hutumika mara moja tu. Kalipa ikivuja, pistoni yenye vishimo vya kutu haitaziba hata ukiweka sili mpya.

Kwa paipu ya chuma hatuna simile. Ukikanyaga kwa nguvu, presha ndani yake huweza kufikia baa 100. Kipande cha hosi na klipu, kuchomelea, au paipu ya shaba ya friji havihimili. Badilisha kipande chote kwa paipu ya breki ya milimita 4.75 yenye midomo iliyokunjwa mara mbili. Na fundi akikwambia aiponde paipu ya tairi moja "uende nyumbani kwanza", kataa. Gari lenye breki tairi tatu huchepuka pale pale unapohitaji linyooke. Bora libebwe kwenye gari la kubebea magari. Kuvutwa kwa kamba bila breki ni hatari ileile.

Masta mpya itolewe upepo (hewa iliyonaswa ndani) ikiwa kwenye vaisi ya mezani kabla ya kufungwa, la sivyo utakanyaga hadi uchoke. Toa pia mafuta yaliyotuama kwenye busta.

Mafuta na kutoa upepo

Kifuniko cha kikopo kimeandikwa aina. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230; zikishanyonya maji hushuka hadi 140 na 155. Ndiyo maana breki zilizokuwa nzuri mjini huweza kupotea kwenye mteremko wa Kitonga. Nunua chupa iliyofungwa, nusu lita kwa kazi ndogo, lita nzima ukitaka kubadilisha yote. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizi. Ukikuta mpira wa kifuniko umevimba na kulegea, kuna mtu aliwahi kuweka oili humo, na mipira yote ya mfumo inatakiwa kubadilishwa.

Magari yetu usukani uko kulia, masta nayo kulia, kwa hiyo anza na tairi iliyo mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Vika niplo mpira mwembamba unaoonesha ndani, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu mara tatu, ashikilie, aseme "nimeshika". Wewe fungua robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, umeuvuta upepo upya. Rudia mpaka vipovu viishe, na chungulia kikopo kila baada ya mikanyago mitano, kisikauke. Kwenye masta ya zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali. Ikizama hadi mwisho, sili hupita juu ya kutu ya sehemu ambayo haikuwahi kufikiwa na huchanika.

Pedali ikiwa ngumu, injini ikiwa imezimwa, ikanyage mara kadhaa, ishikilie, kisha washa: inatakiwa izame kidogo tu na kusimama. Rekebisha shuu mpaka dramu iguse kidogo ikizungushwa. Jaribu kwanza kwa mwendo wa kutembea uani, halafu kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tupu, mikono ikishika usukani kwa wepesi ili uhisi kama gari linavuta upande. Rudisha maboksi chini ya gari usiku ule, chora mstari mpya wa kalamu, na uutazame tena baada ya siku saba.