Linki yenye anwani yako: kupata kamisheni tokeni mpya inapozinduliwa

Hapa Lubumbashi kila mtu anamjua komisionere. Anakupeleka kuona nyumba Kamalondo au Katuba, ukipanga, naye anapata chake. Linki ya mwaliko kwenye tokeni mpya (sarafu ya kidijitali) ni kazi hiyohiyo, ila komisionere huyu ni mfuatano wa herufi na tarakimu ndani ya linki, yaani anwani ya pochi yako. Herufi moja ikikosewa, mteja atafika, atanunua, na wewe utabaki unahesabu nyota.

Nitaeleza kwa upande wa Solana, mtandao wa blockchain ambao sarafu yake ni SOL, maana ndiko wengi wetu tunakofanyia: ada ya msingi ya muamala ni SOL 0.000005 kwa kila saini.

Hatua ya 1: pochi ya kamisheni peke yake

Fungua pochi mpya (programu ya kutunzia sarafu za kidijitali), Phantom au Solflare, ambayo haina akiba yako. Maneno ya siri ya kurejeshea pochi (mara nyingi 12) yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Kutengeneza linki hakuhitaji maneno hayo hata siku moja. Tovuti ikiyaomba, funga ukurasa. Majukwaa mengine, yaani tovuti za kununulia na kuuzia tokeni, yatakutaka usaini muamala mdogo wa kufungua akaunti yako ya mwaliko. Hilo ni la kawaida, lakini kabla ya kubonyeza soma pochi inasema nini kinatoka.

Hatua ya 2: soma asilimia ya nini

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. "Asilimia 10" karibu kila mara ni ya ada, si ya pesa aliyonunulia mteja. Chukua jukwaa linalokata 1% na kukupa 10% ya hiyo. Mteja akinunua kwa dola 20, ada ni senti 20, na wewe unapata senti 2. Ili ufikishe dola 5, wateja wako lazima wanunue na kuuza kwa jumla ya dola 5,000. Ukikuta kiwango kimeandikwa kwa pointi za msingi, 100 ni sawa na 1%.

Angalia pia unalipwa kwa nini. Mimi nachagua SOL. Kwenye Solana kila aina ya tokeni inahitaji akaunti yake ndani ya pochi, na kuifungua kunashikilia karibu SOL 0.002. Ukilipwa makombo ya tokeni kumi tofauti, akaunti zenyewe zinaweza kumeza faida yote.

Hatua ya 3: tengeneza linki

Unganisha pochi, fungua ukurasa wa tokeni, bonyeza kitufe cha kualika au kushiriki, kisha nakili. Utaona umbo kama hili:

https://jukwaa.example/tokeni/ANWANI_YA_TOKENI?ref=ANWANI_YAKO

Kuna anwani mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ya tokeni, ya pili ni yako. Alama ya kuuliza inaanzisha maelezo ya ziada; kama tayari ipo moja, kinachofuata kinaunganishwa kwa alama ya &. Neno "ref" linaweza kuwa jingine, kila jukwaa na lake, kwa hiyo usilibuni.

Usiandike anwani kwa mkono. Niliwahi kumpa kijana mmoja kazi ya bango, naye akaigeuza linki yote kuwa herufi kubwa ili ipendeze. Bango lilipendeza kweli. Anwani za Solana zinatofautisha herufi kubwa na ndogo, na hazina tarakimu za kujihakiki: ukikosea herufi moja, mara nyingi inabaki anwani halali, isiyo na mwenyewe. Kwa bango tumia msimbo wa QR.

Hatua ya 4: jaribu kabla ya kusambaza

Majukwaa mengi hayakulipi kwa kujialika mwenyewe, basi mwombe rafiki anunue kidogo kwa simu yake kupitia linki yako. Kisha fungua muamala wake kwenye Solscan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya Solana, na utafute anwani yako ya kamisheni kati ya akaunti zilizoguswa. Usipoiona, usikimbilie kulalamika: majukwaa mengine yanakusanya hesabu pembeni na kulipa baadaye. Angalia ukurasa wako wa mapato.

Hatua ya 5: kusambaza

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mdogo mmoja aliniuliza: "Yaya, watu wananunua, mbona sioni kitu kwa pochi?" Alikuwa ametuma linki, halafu chini yake akabandika anwani ya tokeni. Wanunuzi walinakili anwani, wakaitafuta moja kwa moja ndani ya pochi zao, linki ikapitwa. Tuma linki peke yake. Huduma za kufupisha linki nazo zijaribu kwanza, ubonyeze uone kama sehemu ya "ref" inafika hadi mwisho.

Na uwaambie wazi kwamba unapata kamisheni, na kwamba tokeni nyingi za aina hii hufa ndani ya siku chache. Kamisheni inakuja hata mteja akipata hasara, naye ni jirani yako, mtakutana sokoni.

Hatua ya 6: kutoa

Bonyeza kudai, acha SOL kidogo ya ada, kisha badilisha. Ukimuuzia mtu ili akulipe kwa Airtel Money au M-Pesa, usiachilie SOL kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Angalia salio kwenye simu yako mwenyewe.