Kabla ya Kuanza Dawa ya Fangasi Weusi wa Ngozi

Ugonjwa huu huitwa kromoblastomikosi. Huanzia pale mwiba au kibanzi cha mti kilipochoma, mara nyingi mguuni, kwa kipele kisichouma sana. Kipele hicho hutanuka polepole kwa miezi au miaka, kikawa na sura ya chunjua. Kwa kuwa hakiumi sana, mtu hukizoea, na hapo ndipo muda unapopotea.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni kuanza dawa kabla ya kupima. Kitazame kidonda mchana, penye mwanga. Ukiona vidoti vyeusi juu yake, vidogo kama ncha ya kalamu, usivikwangue wala kuvisugua nyumbani: ndipo ngozi inapowasukuma fangasi nje, na ndipo mpimaji anapowapata kwa urahisi. Atakwangua kidogo, ataweka tone la potasiamu haidroksaidi, kemikali ya kulainisha ngozi ili fangasi waonekane, na kwenye hadubini atatafuta chembe za mviringo, za rangi ya kahawia, zenye kuta nene na mistari iliyokatizana ndani. Zikionekana, ugonjwa umejulikana. Kujua ni fangasi yupi, labda Fonsecaea pedrosoi, kunahitaji kumwotesha maabara, na huchukua wiki kadhaa kwa sababu hukua taratibu mno. Kama umeshapaka krimu yoyote, hasa yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), sema mapema. Steroidi huwapa fangasi nafasi ya kuenea.

Piga picha ya kidonda ukiwa umeweka rula pembeni. Baada ya miezi minne macho husahau ukubwa wa mwanzo; rula haisahau.

Kisha jipange kwa safari ndefu. Kidonda kidogo huweza kukatwa chote au kugandishwa kwa baridi kali. Kilichotanuka huhitaji vidonge, mara nyingi itrakonazoli, dawa ya fangasi, miligramu 200 hadi 400 kwa siku, kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi. Uliza basi gharama ya tiba nzima, siyo ya pakiti ya kwanza. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za kupunguza asidi tumboni, maana hizo huzuia kapsuli za itrakonazoli zisifyonzwe vizuri. Mwambie pia kama moyo wako ni dhaifu, una ugonjwa wa ini, au una mimba. Ini lipimwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo mgonjwa asitengwe. Ila kidonda cha miaka mingi kilichochimbika ghafla au kuota nyama mpya kikatwe kipande na kupimwa saratani.

Na mkubaliane mapema dawa itaachwa lini. Ngozi kulainika hakutoshi. Fangasi hujificha ndani ya kovu, hivyo vipimo virudiwe kwanza.