SOMO: Unatoka mkoani kuja harusini Dar? Anza kupanga na saa saba usiku

Wakuu, habari za muda huu. Kwenye kamati za harusi za ukoo wetu mimi hupewa usafiri na malazi, na namba yangu inagawiwa kama namba ya huduma kwa wateja. Kila Ijumaa simu haipoi: "Shemeji, nashukia wapi? Nilale wapi?" Naandika hapa mara moja. Atakayenipigia namtumia hili somo.

Wengi wanapanga kuanzia mwanzo wa safari: basi, stendi, kisha chumba karibu na stendi kwa sababu wamechoka. Jumamosi saa saba usiku wako nje ya ukumbi, viatu mkononi, na kitanda kiko kilomita ishirini. Wewe anza na hiyo saa saba. Ukitoka ukumbini unalala wapi na unaendaje? Ukishajibu hilo, mengine ni mepesi.

Hatua ya 1: Jua ukumbi ulipo. Mwombe mwenye shughuli akutumie lokesheni WhatsApp. Kadi ikisema "Mbezi", uliza Mbezi ipi. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro, kwenye stendi ya Magufuli. Kuna barabara ya Goba inayoziunganisha, lakini kwa foleni ya Jumamosi jioni usimwambie mtu "ni hapo hapo tu". Angalia pia kadi ni "single" au "double". Single ni mtu mmoja, hata kama umesafiri na mkeo kutoka Sumbawanga. Kumbi nyingi sasa wanaskani kadi mlangoni, na bibi harusi hatashuka jukwaani kuja kukutetea.

Hatua ya 2: Lala karibu na ukumbi. Si karibu na kanisa au msikiti, si karibu na nyumbani kwa wazazi, si karibu na stendi. Huko kote unakwenda mchana, daladala zipo na bajaji zipo. Ukumbi ukiwa Mlimani City, tafuta Sinza, Mwenge au Survey. Ukiwa Diamond Jubilee, vyumba vya Upanga vina bei, jaribu Kariakoo au Magomeni. Mbezi Beach na Kunduchi, tafuta Tangi Bovu, Africana au Tegeta. Tabata lala Tabata.

Hatua ya 3: Fika Ijumaa. Mabasi mengi ya bara yanaishia Magufuli, Mbezi Luis. Ile stendi ya Ubungo ya zamani ilihama 2021, msimwambie mwenyeji awasubiri pale. Wa Dodoma na Morogoro, treni ya SGR ipo tangu 2024 na inawashusha katikati ya mji. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Wa Unguja, boti inawateremsha karibu kabisa na kanisa la St. Joseph, kwa hiyo ndoa ikifungwa pale mna bahati kuliko sisi wa Kimara.

Hatua ya 4: Weka chumba kwa simu, na uliza maswali haya. Chumba ni self (choo na bafu ndani)? Kina AC au feni? Jenereta lipo? Maji ni ya bomba la DAWASA au ya kisima? Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, ukiogea sabuni haitoi povu. Baa iko umbali gani na dirisha? Sinza hilo ni swali la lazima. Geti linafungwa saa ngapi? Kuna gesti saa sita mlinzi anaweka kufuli na analala usingizi wa kweli. Halafu hili linawakuta vijana kila harusi: gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili kulala chumba kimoja. Tangazo limebandikwa ukutani mapokezi, na dada wa mapokezi hana habari kwamba ninyi ni mtu na mdogo wake. Mkipanga kuchangia chumba, ulizeni kabla ya kutuma pesa.

Hatua ya 5: Ndoa mchana, ukumbi usiku. Katikati rudi chumbani, oga, lala kidogo. Ndiyo maana nasema karibu na ukumbi.

Hatua ya 6: Kurudi usiku. Someni hii mara mbili. MC atatangaza "ndugu zetu kutoka mikoani msiwe na wasiwasi, usafiri upo". Usafiri huo ni Coaster moja, basi dogo. Wageni wa mkoani ni sitini. Saa tano wazee wanachoka, dereva anaambiwa na mjomba mmoja awapeleke Kimara, anaondoka akisema anarudi. Mbezi Beach hadi Kimara kwenda na kurudi, tena akipitia kushusha mmoja mmoja hadi mlangoni, saa nzima haitoshi. Nimewakuta akina mama wa Singida wamekaa kwenye ngazi za ukumbi saa nane usiku na vitenge vyao vya sare, ndoo ya pilau imefunikwa kwa kanga, mlinzi anazima taa moja moja ili waelewe. Coaster ilikuwa imeenda kulala. Mjomba naye alikuwa amelala.

Kwa hiyo Coaster ichukulie kama bahati. Mchana, dereva yeyote aliyewaleta vizuri mchukue namba, kubalianeni bei na saa, mwambie mko wangapi. Mpigie tena saa nne kumkumbusha. Msilipe yote kabla.

Wanaotegemea gari za kwenye programu: ukumbi ukifungwa, watu mia tatu wanaita gari kwa dakika moja. Bei inapanda, na dereva anapiga simu kuuliza "unaenda wapi bosi, unalipa keshi?" kisha anataka nyongeza au anakata. Ita gari wakati wa neno la shukrani, siyo wakati wa wimbo wa mwisho.

MUHIMU:
- Usipande gari lenye wanaume wawili tayari ndani "wanashuka hapo mbele". Hata likiwa la bei nusu.
- Bodaboda saa saba usiku na gauni refu, hapana. Na uliza hiyo boda ilikuwa imepaki wapi jioni nzima kama si baa ya jirani.
- Andika jina la gesti, mtaa, na namba ya mapokezi kwenye KARATASI. Ukipiga video kuanzia keki hadi zawadi, simu itazima saa sita, na lokesheni iko humo humo.
- Kwenye gari, kioo juu na simu mapajani. Simu ya dirishani inaondoka na pikipiki.

Hatua ya 7: Kurudi nyumbani. Usikate basi la Jumapili alfajiri. Utalikosa.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

—

Kijana wa Kahama: Mkuu somo zuri. Sasa mimi ukumbi uko Mbezi, nilale wapi?

Mleta somo: Mbezi ipi?

Kijana wa Kahama: Mbezi tu, kadi haijasema.

Mleta somo: Hatua ya 1.

Bint Kagera: Shikamoo kaka. Nakuja na mama kutoka Bukoba, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Ndoa saa nane mchana Posta, ukumbi saa moja usiku Mwenge. Nimepata chumba Kariakoo ili kanisani pawe karibu. Nimekosea?

Mleta somo: Marahaba dada. Hujakosea sana, ila badilisha. Mama akitoka kanisani saa kumi, piga picha za familia, foleni ya kutoka mjini, saa kumi na mbili bado mko barabarani. Ukilala Mwenge au Sinza anapata hata saa nzima ya kunyoosha miguu kabla ya ukumbi. Uliza chumba cha chini, na usiridhike na jibu "ngazi ni chache". Uliza ni ngapi. Halafu ongea na mtu wa kamati mama akae meza ya pembeni karibu na mlango, siyo karibu na spika. Na msisubiri zawadi. Upande wenu mkiitwa, cheza wewe kwa niaba yake. Saa nne na nusu muwe kwenye gari. Barabara bado ina watu na dereva bado ana adabu. Kutoka Bukoba kwa basi ni safari ya kuchosha hata kijana, kwa hiyo mkiweza fikeni Alhamisi.

Bint Kagera: Ubarikiwe sana. Hilo la spika nisingelifikiria.

Mtu wa Pwani: Mnawafundisha watu kulala gesti wakati ndugu wapo! Sisi tulilala sebuleni watu kumi na tukafurahi.

Mleta somo: Sijamkataza mtu kulala kwa ndugu. Lakini huyo ndugu ndiye mwenye harusi. Ana choo kimoja, jiko lake limejaa masufuria ya kukodi, na bibi harusi anapambwa chumbani. Ukilala kwa ndugu asiye na shughuli, sawa kabisa, mpelekee na kilo mbili za nyama. Na bado hatua ya 6 inakuhusu.

Mtu wa Pwani: Haya, kilo mbili nimekubali 😂

Jirani wa Nairobi: Asante kwa hii, ndugu. Tunakuja kwa basi. Huku kwetu shughuli huanza asubuhi, reception saa nane mchana kwa bustani, jioni watu wamefika nyumbani. Nimebook basi ya kurudi Jumamosi saa tatu usiku. Itakuwa sawa?

Mleta somo: Karibu sana, na umeuliza swali zuri kuliko wote hapa. Saa tatu usiku huku maharusi ndiyo kwanza wanaingia ukumbini, na chakula bado. Sogeza hadi Jumapili usiku au Jumatatu. Jambo la pili: kwenu mtu anaweza kuongozana na rafiki, huku bila kadi mlangoni ni aibu, maana kila sahani imelipiwa kichwa kwa kichwa kutokana na michango. Hesabu watu wenu, mwambie mwenye harusi mapema. Na kadi ikiandika saa 12 jioni, ni sita yenu ya jioni. Wageni watafika saa moja na nusu, MC ataanza saa mbili.

Jirani wa Nairobi: Aki umeniokoa. Nabadilisha leo.

Mpare Mwenyewe: Ongezea hii: harusi za katikati ya Desemba. Mtu anakuja kutoka Moshi basi tupu, anadhani kurudi ni hivyo hivyo. Kuanzia tarehe 18 hivi Kaskazini yote inapanda nyumbani, siti hakuna.

Mleta somo: Sahihi kabisa. Desemba kata tiketi ya kurudi kabla ya ya kuja. Na mtu akikuuzia kwa bei ya kulangua pale stendi, nauli kikomo za LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) zipo, uliza.

Fundi Cherehani: Na nguo pigeni pasi nyumbani mkunje vizuri. Pasi ya gesti moja inazunguka vyumba ishirini. Ikifika kwako saa kumi na moja jioni, imebeba nailoni ya mtu chini, inahamia kwenye shati lako jeupe.

Mama Wawili: Saluni nazo. Jumamosi Sinza na Mwenge kila saluni ina bibi harusi wake. Suka Ijumaa.

Kijana wa Kahama: Mkuu gesti Sinza bei gani?

Mleta somo: Self yenye AC ya kawaida, elfu 30 hadi 60. Feni chini ya hapo. Umeshajua ni Mbezi ipi?

Kijana wa Kahama: Beach.

Mleta somo: Basi Sinza ya nini? Tangi Bovu au Africana. Hatua ya 2.

Msukuma Halisi: Harusi yetu ni Aprili, Magomeni. Kuna la kuongeza?

Mleta somo: Masika hiyo. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji na barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi nayo husimama. Ukilala Kariakoo, Magomeni unaiona lakini huifikii. Lala upande ule ule wa ukumbi, Magomeni yenyewe au Manzese. Viatu vya harusi vibebe kwenye mfuko, ukumbini ndiyo uvae.

Mama Wawili: Na mfuko huo huo uwe na ndala za kutokea.