Kutumia vizuri miaka ya chuo ukiwa mchezaji wa safu ya mbele

Katika futiboli ya Kimarekani, watu watano wa safu ya mbele wanaomkinga kwotabeki, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, hawana mabao wala takwimu za kujivunia. Wapimaji wa timu za kulipwa huwatazama kwenye video: miguu kwanza, mikono baadaye. Panga miaka yako ya chuo kwa mtiririko huohuo.

Mwaka wa kwanza usililie kucheza. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, imekuwa ikimpa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, na kwa kanuni ya 2018, ukiingia mechi zisizozidi nne msimu huo hauhesabiwi. Wenyewe huuita mwaka wa shati jekundu. (Kanuni hizi hubadilika, ulizia ofisi ya michezo ya chuo kabla ya kila msimu.) Kwa mtu wa safu ya mbele huo ni mtaji, maana kijana wa miaka 18 atasukumana na mtu wa miaka 22 aliyebeba vyuma miaka minne.

Kutoka kilo 120 hadi 136, jipe miezi 15 hivi, yaani robo kilo kwa wiki. Ukikimbilia soda na chipsi, kilo zinaishia tumboni, magoti yanauma na hatua ya kwanza inachelewa. Jipime asubuhi kabla ya kula. Kilo mbili tatu zinazopotea kwenye mazoezi ya Agosti ni jasho tu. Zirudishe kwa maji na chumvi.

Kazi yenyewe iko miguuni. Tuseme unacheza pembeni kushoto. Kaa kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Mpira ukipitishwa nyuma kwa kwotabeki kuanza mchezo, mguu wa kushoto urudi nyuma kimshazari, wa kulia uufuate ukiparuza nyasi, ila miguu isikutane. Ikikutana, bega moja tu linakulaza chini. Mikono ingoje mpinzani afike, kisha viganja vitue kifuani mwake, gumba juu, viwiko vikibana mbavu. Ukiinyoosha mapema ataipangua apite. Ukimng'ang'ania nje ya mabega, mwamuzi anarusha kitambaa cha njano na timu inarudi yadi 10. Kosa baya zaidi ni kuinama kiunoni: kichwa kinatangulia, macho yanaona nyasi, na shingo ndiyo inayolipa.

Kocha akitaka kukuhamisha nafasi, kubali mapema. Jason Kelce aliingia University of Cincinnati bila ufadhili, akiwa mkimbiaji na mpira (running back), akahamishiwa safu ya mbele. Mwaka 2011 Philadelphia Eagles, timu ya kulipwa, walimchagua akiwa wa 191 katika uteuzi wa wachezaji wapya, akawa senta wao, yaani mtu wa katikati ya safu, misimu 13. Lane Johnson, mchezaji mwingine wa safu ya mbele, naye alianza chuo kama kwotabeki.

NFL, ligi ya kulipwa, haikuchukui kabla ya miaka mitatu tangu umalize sekondari. Kama bado hujashika namba kikosini, usiondoke chuoni hapo.

Kwenye majaribio ya NFL huko Indianapolis utalala kwenye benchi na kusukuma chuma cha kilo 102 mara nyingi uwezavyo. Mwenye mikono mirefu husukuma mara chache, na wapimaji wanalijua hilo. Mikono hiyohiyo ndiyo wanayoitafuta pembeni.