Jinsi ya kuchagua vipimo vya maji ya tanki la matumbawe visivyokudanganya

Wadau, naulizwa sana kampuni gani ina vipimo vizuri, na mi naona swali la kwanza sio hilo, la kwanza ni namba unayoipima ina nafasi kiasi gani ya kukosea kabla matumbawe hayajaumia. Hapa Dar nilipoteza Acropora tatu (aina ya matumbawe) kwa kipimo cha alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kilichokuwa kinasoma dKH 8 kila wiki (dKH ndo kizio cha alkaliniti), kumbe maji yalishafika 11 na ushee, naongeza bafa (dawa ya kupandisha alkaliniti) kila siku huku ncha zinababuka zinakuwa nyeupe, na nilikiamini kwa sababu majibu yake yalikuwa hayabadiliki. Iliniuma sana.

Hatua ya 1: anza na chumvi. Pata refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) pamoja na maji yake ya kusetia ya 35 ppt, yaani sehemu 35 za chumvi kwa elfu. Usiisetie kwa maji ya RO (yaliyochujwa yasibaki na chumvi) peke yake, nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya chumvi ya kawaida sio maji ya bahari, kwa hiyo inasoma sifuri safi kabisa afu ikifika 35 inakosea. Na chumvi ikiwa sio yenyewe basi kalsiamu, magnesiamu na alkaliniti zote zinasogea nayo, utahangaika na dozi bure.

Hatua ya 2: angalia kipimo kinaruka kwa kiasi gani. Alkaliniti maji ya bahari yenyewe ni kama dKH 7, wengi tunaweka 7 mpaka 9, sasa kipimo ambacho tone moja ni dKH 1 nzima kama cha kampuni ya API kinakuacha gizani (ukiweka maji mililita 10 badala ya 5, tone linakuwa nusu dKH, angalau). Hapa bora kipimo cha Salifert cha sirinji au mashine ndogo ya Hanna, HI772. Kalsiamu tunataka ppm (sehemu kwa milioni) 400 mpaka 450 na magnesiamu 1250 mpaka 1350, hizo hata kipimo kikikosea kwa 20 hakuna kitakachokufa, usimalizie hela huko.

Hela iweke kwenye fosfeti. Tunatafuta 0.03 mpaka 0.1 ppm, sasa kadi ya rangi inayotoka 0 ikarukia 0.25 itakusaidia nini? Chukua Hanna inayosoma viwango vya chini kabisa. HI736 inasoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), sio fosfeti, kwa hiyo zidisha kwa 3.066 ugawe kwa 1000, yaani 20 ni kama 0.06. HI774 inakupa fosfeti moja kwa moja ila inaweza kupishana 0.02, ukiona leo 0.05 kesho 0.07 usikimbilie dawa. Nitreti kadi ya rangi inatosha, ila kama ni API ile chupa ya pili itikise kwelikweli sekunde 30, ina unga unaolala chini, usipoitikisa utasoma sifuri ya uongo.

Hatua ya 3: muombe muuzaji picha ya tarehe kwenye chupa zenyewe, sio kwenye boksi tu. Vitu vyetu vinasafiri mbali na vinakaa kwenye joto, ukivipata weka kabatini sehemu yenye ubaridi na giza.

Hatua ya 4, na hii ndo naomba msiiruke: kipime kipimo chenyewe. Nunua baking soda dukani, sio magadi na sio baking powder. Pima gramu 10 kwenye mzani mdogo kama wa sonara, yeyusha kwenye maji ya RO/DI (ya RO yaliyosafishwa zaidi) mpaka ifike lita 1 kamili, chota mililita 25 za hayo maji, ongeza RO/DI tena mpaka lita 1. Hayo ni kama dKH 8.3. Yapime kwa kipimo chako cha matone au sirinji. Ukipata 8 mpaka 8.6 uko vizuri, ukipata 10 rudia mara moja, ikigoma tena usikitumie. Kwa Hanna tumia vichupa vyao vya kuhakiki, ila vinahakiki mashine tu, kemikali hapana.

Hatua ya 5: mkono wako. Salifert ya KH dondosha taratibu huku unatikisa, rangi inatoka bluu-kijani, inafifia, afu ghafla inageuka waridi kuelekea chungwa, simama hapohapo. Ile hewa kwenye sirinji ni kawaida, soma kwenye ukingo wa mpira mweusi. Kwenye Hanna futa alama za vidole kwa kitambaa laini, tumia kichupa kilekile kwa sifuri (kabla ya kuweka kemikali) na kwa sampuli, na viputo visibaki kwenye kioo, kimoja tu kinapandisha fosfeti.

Alkaliniti ipime saa ileile kila mara, inapanda na kushuka kwa siku kulingana na dozi na taa. Mi napima saa mbili usiku kabla sijaweka dozi, naandika kwenye daftari pamoja na namba ya toleo la chupa, ili nikifungua chupa mpya na namba ikaruka nijue pa kuanzia.