Land Cruiser Kuukuu Goma: Uitengeneze au Uiuze?

Land Cruiser nyingi zinazopanda Sake na Rutshuru zimeshapita kilomita 350,000, na namba hiyo peke yake haikuambii kitu. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyoanza kutoka mwaka 1990, haina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Ikipata oili safi na maji ya kuipoza, inavuka umbali huo bila kufunguliwa. Kinachoamua ni shasi imebaki namna gani, na gari litakula pesa kiasi gani katika miezi 24 ijayo, pamoja na siku litakazolala garaji. Shasi ndiyo ya kwanza. Ikiwa imekufa, usipoteze muda kupima kingine.

Shasi

Osha gari chini kwa maji ya presha, liache likauke. Usikubali kukagua gari lililopakwa rangi nyeusi mpya chini, hata kama ni lako na fundi alikufanyia wema: rangi hiyo inafunika kila unachokitafuta. Goma haina bahari, lakini moshi wa volkano ya Nyiragongo unabeba gesi zinazoipa mvua tindikali, ile ile inayomaliza mabati ya nyumba kabla ya wakati wake. Tena magari mengi yaliyotoka Japani yalifika tayari na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi pana. Gonga nguzo zote mbili ndefu za shasi, toka mbele mpaka nyuma, kila baada ya sentimita 10. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito, kama debe lililojaa mchanga. Hapo sukuma bisibisi kwa nguvu; ikizama, umepata tundu.

Nyufa zina mahali pake: panapofungwa boksi ya usukani, kwenye mabano ya springi, kwenye vishikio vya shokamzoba za nyuma, na kwa pikapu, nyuma tu ya kabini, kwa sababu watu hupakia mzigo mpaka mwisho wa kitanda na shasi inakunjika hapo. Ukiona mstari mwembamba mwekundu, usihukumu kwa macho. Paka dizeli kidogo juu yake, subiri dakika tano, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama ni ufa, dizeli iliyojificha ndani itatoka polepole na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Kama ni mkwaruzo, chaki itabaki kavu.

Chuma cha kukingama au kishikio cha bodi kikitoboka, kinachomelewa na gari linaendelea. Nguzo ndefu ikiwa na ufa mmoja mfupi, mbali na usukani, nayo inatengenezeka, ila fundi asibandike kipande cha mraba. Mchomeleo unaokata nguzo wima huzaa ufa mpya pembeni yake. Kibandiko kikatwe ncha zake kwa mshazari, na kabla ya kuchomelea nyaya za betri na za alteneta zichomolewe. Lakini ukikuta ufa kwenye boksi ya usukani pamoja na kutu iliyotoboa, au viraka viwili vya zamani juu ya nguzo moja, uza. Injini nzuri haimwokoi mtu usukani ukiachia kwenye mteremko wa kuelekea Minova.

Injini, asubuhi ikiwa baridi

Gari lilale usiku kucha bila kuwashwa. Likiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta, angalia maji: yakiwa na mafuta juu, au rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekufa, au hedi yenyewe imepasuka. Funga, washa, kisha shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Hedi ya 1HZ hupasuka gari likichemka, na Goma kuchemka ni rahisi: kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, siyo 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoshikilia presha ili yasichemke mapema. Ni kitu cha bei ndogo sana. Kikichoka, kinaua injini.

Moshi mweusi kidogo kwenye mlima usikutishe. Kwenye mwinuko huu hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 14, na injini isiyo na turbo inapata dizeli nyingi kuliko hewa yake. Moshi wa bluu ndio wa kuangalia: ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto unatoka kwenye nozeli zinazopuliza dizeli, kompresheni ndogo (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda), au maji yanayoingia kwenye silinda.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka, sawa. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha. Sababu kubwa hapa ni vumbi jeusi la volkano, ambalo ni mawe na kioo kilichosagika. Mpira wa boksi ya filta ya hewa ukiwa umekatika, au kiungo cha snokeli, bomba linalovuta hewa kutoka juu, kimelegea, linapita bila kuchujwa na kusaga silinda. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, umepata mwizi.

Baada ya hapo mwambie fundi apime kompresheni kwa silinda zote sita. Kiwango cha chini kisomwe kwenye kitabu cha injini yako. Tofauti kati ya silinda yenye nguvu na dhaifu isizidi bar 5. Pima pia oili inayoliwa: jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1,000, jaza tena kwa chupa ya kipimo. Ikizidi lita moja, weka kwenye hesabu gharama ya kufungua injini.

Mkanda wa taimingi ni suala la tarehe, halina mjadala. Toyota inautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Ekseli ya mbele

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, pini ambazo gurudumu linageukia. Halafu futa kwa kitambaa ile tufe inayong'aa nyuma ya gurudumu. Grisi nzito nyeusi ni kawaida. Mafuta mepesi yanayotiririka ni oili ya difu iliyopita sili ya ndani na kuosha grisi ya jointi. Kazi hiyo, ukibadilisha sili zote, beringi nne za kingpini na grisi ya molibdeni pande zote mbili, ni ya siku mbili na inalipa. Usiiweke kwenye orodha ya sababu za kuuza.

Giaboksi, difu za nyuma na springi zikaguliwe kwa haraka: giya ya tano ikiruka, chembe za chuma kwenye oili, springi zilizonyooka. Vipuri vya vyote hivyo vinapatikana mtaa wa Birere au kwa kuagiza. Matairi yasikushughulishe kabisa. Mawe ya lava yatakata ubavu wa tairi lako iwe gari ni jipya au la zamani.

Hesabu ya miezi 24

Pesa uliyokwisha kuitia garini haiingii kwenye hesabu. Imeondoka. Andika yanayokuja tu, na uweke namba zako mahali pa hizi za mfano.

Tuseme gari lako leo linauzika dola 8,000, baada ya miaka miwili 6,000. Linadai 2,500 sasa, kisha 1,200 kila mwaka. Jumla: 2,000 za kushuka bei, 2,500, na 2,400. Ni 6,900. Mbadala wake unanunuliwa 22,000 na utauzika 17,000. Huduma ya kwanza 1,800, kisha 700 kila mwaka. Ni 8,200. Kuukuu linashinda.

Sasa ongeza siku za kulala. Kuukuu likilala siku 10 kwa mwaka, na kukodi gari ni dola 80 kwa siku, unaongeza 1,600 kwa miaka miwili: 8,500. Mbadala ukilala siku tatu, 480: 8,680. Tofauti imekuwa dola 180, na kioo kimoja kilichopasuka kinaigeuza. Ndiyo maana mwenye gari la kazi anayezihesabu siku hufikia jibu tofauti na mwenye gari la kwenda kanisani.

Mbadala uliotumika pia ukaguliwe kwa nyundo ile ile na chaki ile ile. Mita hurudishwa nyuma. Raba ya pedali ya klachi iliyochakaa na kiti kilichozama havirudishwi. Huduma ya kwanza usiisahau hata kama muuzaji ameapa: mkanda, oili zote, filta zote, betri. Tena magari ya dizeli ya karibuni yenye komoni reli, mfumo wa kupuliza dizeli kwa presha kubwa sana, yana nozeli zinazoharibika haraka kwa dizeli yenye maji au iliyochanganywa na petroli ya taa. Ukinunua la namna hiyo, chujio la maji limwagwe kila wiki, na usinunue dizeli ya kwenye vidumu vya barabarani.

Ukiamua kubaki nalo, fuata mpangilio: breki na usukani, halafu mfumo wa kupoza, mkanda wa taimingi, ekseli ya mbele, mengine mwishoni. Oili ya injini kila kilomita 5,000, karibu lita 10 pamoja na filta. Jaza kwa kijiti, siyo kwa kukisia. Ukiamua kuuza, tengeneza breki tu na uoshe. Kufungua injini kabla ya kuuza hakurudishi pesa, maana mnunuzi wa Goma atagonga shasi kwanza, na pia atakuomba awashe gari likiwa baridi.