Kuzunguka Iceland kwa gari la kulala: panga safari kwa kufuata upepo

Binamu yangu wa Mombasa amepata viza ya Schengen na anataka kuizunguka Iceland kwa gari la kulala. Tumekesha kwenye simu siku tatu. Haya ndiyo niliyomwambia. Mambo ya tiketi mnayajua wenyewe.

Hatua ya 1: Siku. Barabara namba 1 inayokizunguka kisiwa ina kilomita zipatazo 1,300. Wapo wanaoimaliza kwa siku sita, na wanachokiona ni lami. Tenga kumi, kati ya Juni na Agosti.

Hatua ya 2: Gari. Chukua dogo, lenye hita inayowaka injini ikiwa imezimwa. Yale marefu yenye choo na bafu siyapendi kabisa: upepo huyasukuma ubavuni, utaona sasa hivi.

Hatua ya 3: Upepo. Hapa ndipo nilipolia. Karibu na kijiji cha Vík nilisimama kupiga picha, nikafungua mlango kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Upepo ukaunyakua mlango, bawaba zikapinda, ukagoma kufunga. Nilikaa saa tano nikimngoja fundi, mlango nimeufunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha ikaja bili. Bima yangu ilihusu kugongana, kokoto na mchanga. Mlango uliovunjwa na upepo haumo, na bima nyingi za huko ziko hivyo. Kabla ya kutia saini uliza wazi: mlango ukichukuliwa na upepo, nani analipa?

Kila asubuhi, kabla ya chai, fungua vedur.is uone upepo, halafu umferdin.is uone barabara. Wao hupima kwa mita kwa sekunde. Ukiona 15 unadhani ni kaupepo tu, kumbe ni kilomita 54 kwa saa. Mimi kwa 15 naendesha taratibu. Kwa 20 sitoki kambini, hata kama nimeshalipia kambi ya mbele. Usitazame wastani peke yake, tazama na mivumo ya ghafla, hasa chini ya milima kama pale Öræfi. Ukiegesha, elekeza pua ya gari upepo unakotoka, ndipo mlango utasukumwa kujifunga badala ya kung'olewa. Mikono miwili, kila mara. Na abiria mwambie tena na tena, maana ndiye anayesahau.

Hatua ya 4: Kulala. Kambini. Tangu 2015 sheria hairuhusu kulala garini nje ya kambi bila idhini ya mwenye ardhi.

Hatua ya 5: Mafuta. Pampu nyingi hazina mhudumu na zinataka kadi yenye namba ya siri. Ijaribu kadi yako siku ya kwanza, ukiwa bado Reykjavík.

Hatua ya 6: Chakula. Beba unga. Ugali unapikika humo ndani, ingawa ukisonga gari zima linayumba na majirani wanachungulia. Mtungi wa gesi usikimbilie kununua: kambi nyingi zina rafu ya mitungi iliyoachwa na wanaorudi kwao. Itikise kwanza ujue kama gesi ipo.